Mzee Teizo Anatafuta Mgongo

Mtaani Nishijin, mjini Kyoto, Mzee Teizo Imanishi aliwajua wanawake kwa migongo yao. Sura zilimpita tu. Mke wa daktari wa meno alimsalimu kila asubuhi aliyojaliwa, na kila asubuhi mzee alimjibu kwa adabu baridi, kama mtu aliyesimamishwa na mgeni anayeuliza njia. Lakini mama huyohuyo akishageuka na kuonyesha kisogo, uso wa mzee ulifunguka kama mlango wa duka. "Ahaa, tausi chini ya mwezi! Hamjambo nyumbani?" Na salamu hizo, kusema kweli, alikuwa akimpa tausi.

Wenye mawazo machafu wasikimbilie kufurahi. Mzee alikuwa mfumaji wa obi, ule mkanda mpana wa hariri ambao mwanamke hujifunga juu ya kimono, vazi refu la Kijapani, na uzuri wake wote huenda kukaa mgongoni. Ndiyo kazi ya mtaa mzima. Ukipita vichochoro vyetu mchana unasikia mitambo ikisema kwacha-ko, kwacha-ko, nyumba hadi nyumba, mpaka paka wenyewe wanatembea kwa mdundo huo.

Sasa, obi hufumwa kifudifudi. Uso wake mzuri unatazama sakafu, na mfumaji anabaki kutazama tumbo: nyuzi zinazoruka, zinazopishana, zinazokatiana njia kama watu wa gulioni. Akitaka kujua mbele kumekuwaje, anapenyeza kioo kidogo chini ya nyuzi na kuchungulia. Anaona mdomo wa ndege. Anasogeza kioo, anaona ukucha. Ni sawa na kuoa mke halafu ukamjua kwa tundu la ufunguo.

Mkanda ukiisha, mtu wa Bwana Muneoka, mwenye biashara, alikuja akauviringisha, akaufunga kwa karatasi, akaondoka nao. Jina lililoshonwa pembeni lilikuwa la Muneoka. Picha gazetini ilikuwa ya Muneoka, amesimama kando ya hariri amekunja uso kama aliyeisokota kwa meno yake mwenyewe, akieleza habari za roho ya nyuzi. Halafu mkanda ulipelekwa Tokyo, ukanunuliwa na mke wa tajiri, ukafungiwa kabatini na dawa ya nondo. Sisi husema hariri ya Nishijin huzaliwa kwetu, huolewa Tokyo, na huzikwa kabatini.

Basi Teizo alifuma tangu ndevu hazijaota hadi zikawa nyeupe, na hakuwahi hata mara moja kuona mkanda wake kiunoni mwa mtu aliye hai. Ndiyo maana alitafuta. Harusi isiyomhusu, yumo, amesimama nje na mwavuli. Wanawake wakitoka kunywa chai ya heshima, yuko ng'ambo ya barabara, amejibanza nyuma ya mti kama mdaiwa.

"Mzee Teizo," Bi Kinue muuza tofu, ile jibini laini ya soya, alimwambia mbele za watu, "siku hizi una miguu ya kijana! Wanakopita akina mama, na wewe upo. Uzidishiwe afya hiyohiyo."

Kwetu hiyo si dua. Hilo ni kofi lililofungwa kwa karatasi ya zawadi. Mtu wa Kyoto hasemi jambo moja kwa moja. Akiona nyumba yako inaungua atakusifu kwa jinsi unavyojua kuota moto.

Siku moja alimfuata mwanamke ndani ya duka kubwa la ghorofa. Wakapanda ngazi za umeme, wakapita vyombo, wakapita mablanketi, mpaka mlango uliochorwa mtu mwenye sketi. Mwanamke akaingia. Teizo akasimama pale pale, shingo ameinyoosha kama korongo, na polisi kijana akamkuta hivyo.

"Mzee, unatafuta nini hapa?"

"Mgongo, afande."

"Wa nani?"

"Hilo ndilo ninalotaka kujua."

Mkewe, Fusae, aliitwa kumchukua. Alifika na aproni yake, akainama mbele ya polisi kwa heshima zote. "Afande, ni mume wangu. Ni migongo tu. Ya mbele hana habari nayo, niulize mimi niliyeishi naye." Polisi akawa mwekundu, akainama yeye pia, na jambo likaisha kwa kuinamiana.

Mwaka huo, majira ya kuchipua, magoti ya Teizo yaligoma. Mtambo unataka mguu kama unavyotaka mkono, na miguu yake sasa ilikanyaga kwa kuomba radhi. Bwana Muneoka naye alikwishatuma salamu, zimepakwa asali kweli kweli, kwamba mzee amefanya kazi kubwa mno na ni haki yake kupumzika. Maana yake michoro inahamia kwenye mashine. Mkanda uliokuwa mtamboni ulikuwa wa mwisho. Ukikatwa, mafundi wangekuja kuubomoa mtambo na kuubeba vipande vipande.

"Mama Chigusa," alisema wakila, "nitakufa kama mpishi aliyepika maisha yake yote na hajamwona mtu akitafuna."

"Mimi nimekupikia maisha yangu yote," Fusae alimjibu, "na nimekuona ukitafuna. Usijisumbue. Si kitu cha kutamani kuona."

Lakini alimwongeza samaki.

Siku ya gulio la mitumba kwenye viwanja vya hekalu la Kitano, Teizo alivaa kofia yake nzuri. Fusae hakuuliza anakwenda wapi. Alimpa bakuli na kumfunga kifungo cha koti.

"Ukirudi pitia tofu. Tofu, Baba Chigusa. Haina mgongo, kwa hiyo usiipite."

Gulio lilikuwa limefurika. Teizo alikwenda moja kwa moja kwenye mafungu ya nguo kuukuu, akaanza kazi yake ya kuchunguza visogo. Migongo ya siku hiyo ilikuwa hafifu: mikanda ya kukodi ya watalii, maua ya nailoni, paka wa katuni. Alikuwa karibu kukata tamaa aliposikia sauti ya mwanamke ikibishana bei kwa nguvu ambayo Kyoto nzima huitumia kwa mwaka. Sauti ya Osaka, hiyo haina haja ya kuuliza. Akageuka.

Mgongo ulikuwa mpana, wa mtu anayebeba magunia mwenyewe. Kimono ya buluu iliyokoza. Na obi, masalale, obi ilikuwa imevaliwa ndani-nje! Nyuzi zote uchi, zinaning'inia hadharani, zimeonyeshwa jua. Kwenda hivyo karibu na Nishijin ni kama kwenda mazishini umevaa suruali kichwani. Akina mama wawili waliopita waliziba midomo kwa vidole.

"Maskini, labda amepatwa na msiba."

"Au ndio mtindo wa Osaka."

"Si ndio msiba wenyewe."

Teizo naye alikunja uso. Halafu uso ukakunjuka wenyewe, bakuli la tofu likamtoka mkononi, likabingirika hadi miguuni mwa muuza viatu.

Kwa sababu pale mgongoni mvua ilikuwa ikinyesha.

Mchoraji wa Bwana Muneoka alikuwa amechora mbayuwayu siku ya jua. Kila ndege peke yake, na nyuma ya kila ndege mfumaji alipaswa kukata uzi na kuanza upya. Lakini mkanda ule Teizo aliufuma baada ya harusi ya binti yake Chigusa, ambayo aliisherehekea mpaka baiskeli ikampeleka kwenye mfereji wa maji machafu. Bega la kushoto halikunyooka msimu mzima. Kukata na kufunga kila uzi kulimtoa machozi, basi akauacha ukimbie kutoka ndege hadi ndege, mshazari, upande ule tu ambao bega liliruhusu. Mbele hakuna aliyejua. Mbele jua liliwaka. Huku nyuma mbayuwayu waliruka katika mvua ya upepo, na nje ya dirisha lake mvua yenyewe ilikuwa inanyesha, na Teizo aliitazama hiyo na hii mpaka msimu ukaisha. Mtu husahau uso wa bosi wake. Mvua yake mwenyewe, aisahau vipi?

Alimfuata. Ungefanyaje?

Mwanamke alitoka gulioni, akanunua kitumbua cha maharage, akamuuliza mwendesha baiskeli: "Kaka, mitambo inasikika wapi?" Akaelekezwa. Akakata kulia, akakata kushoto, akaingia kichochoro chembamba chenye vyungu vya maua milangoni. Teizo nyuma yake, anahema, alikwenda kona mbili nzima kabla ya kugundua kwamba anaelekea kwake.

Bi Kinue alikuwa mlangoni kwake na ndoo. Alimwona mwanamke, akamwona mzee, akaiweka ndoo chini ili afaidi vizuri.

"Hongera, Mzee Teizo. Leo umeuleta mgongo mpaka nyumbani."

Mwanamke alisimama kwenye ukuta wa Mzee Yasaburo, jirani wa Teizo, akabandika sikio kwenye mbao, akafumba macho. Kwacha-ko, kwacha-ko. Alitabasamu kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito. Kisha, bila kufumbua macho, akasema:

"Babu, tangu gulioni unanifuata. Haya, sema shida yako."

Teizo alivua kofia. Maisha yake yote alijiandaa kwa siku hii na hakuandaa neno hata moja.

"Naona… hali ya hewa imetulia."

"Imetulia."

"Jana haikutulia."

"Babu! Umetembea mwendo wote huo kuniletea habari za jana?"

Alicheka hadi obi ikatikisika, na mbayuwayu wakayumba mvuani. Akajitambulisha bila kuulizwa: Masuyo, mpishi wa chapati za kabichi, Osaka, karibu na stesheni. Nguo kuukuu ndizo ugonjwa wake. "Nimeolewa mara mbili, babu, na wote wawili waliniambia nichague wao au vitambaa. Nyumba imejaa vitambaa." Siku za gulio hufunga duka asubuhi na kulifungua jioni, treni ilikuwa inamsubiri, lakini hakutaka kuondoka kabla hajasikia mitambo.

Fusae alitoka akijifuta mikono. Alimtazama mgeni kutoka juu hadi chini, akauona mkanda, akavaa tabasamu lake la sikukuu.

"Karibu sana. Mkanda wako una ushujaa! Sisi watu wa huku hatungethubutu."

"Asante, mama!" Masuyo alimshika mkono kwa mikono miwili. "Leo kila mtu ananisifu hivyo. Watu wa Kyoto mna roho nzuri jamani, na watu wanawasingizia!"

Kijembe cha Fusae kilikuwa kimemrudia mkononi, kimebusiwa.

"Huu niliununua umetafunwa na nondo kwenye bitana," Masuyo aliendelea, "nikaufumua niutie kiraka. Kufungua ndani, nikapiga kelele, wateja wakadhani nimejichoma. Mama, mbele kuna ndege. Ndege nimeshawaona. Lakini huku, hebu tazama, mvua! Nikaushona upya kinyume. Ninawauliza wauza mitumba wote, nani aliwanyeshea hawa ndege? Wananitazama kama mlevi."

Akageuka ili Fusae aone. Fusae akatazama. Tabasamu la sikukuu lilimdondoka, na mkono wake, wenyewe, ukaenda kwenye bega la kushoto la mumewe. Yeye ndiye aliyelisugua kwa dawa msimu mzima ule, usiku na mchana, akimtukana.

"Pengine," Teizo alisema, "mfumaji aliumwa bega."

"Bega?"

"La kushoto. Pengine."

"Pengine nani? Unamjua?"

"Mtaa ni mdogo… watu husikia… mambo huwa yanakuwa…"

Masuyo alingoja. Alingoja kadiri mtu wa Osaka anavyoweza, yaani si sana, akaangalia saa yake.

"Basi babu, ukimkumbuka huyo pengine wako msalimie. Treni hainipikii chapati." Akainama kwao, akageuka, akaanza kwenda. Na mvua ikaanza kwenda naye, mlango baada ya mlango, ikipungua.

Fusae alimtia mumewe kiwiko cha mbavu. Hakusema neno, maana na yeye ni wa Kyoto. Lakini kiwiko chake kilikuwa cha Osaka.

"We!" Teizo alipiga ukelele. "We mama! Hiyo mvua ni yangu!"

Nakuapia, mitambo ilinyamaza. Mmoja, wa pili, halafu kichochoro kizima, kimya kama maji. Hakuna aliyewahi kusikia sauti ya Teizo ikitoka bila koti. Milango ilisogea, vichwa vikatoka, na paka wakasimama, hawajui watembee vipi.

Masuyo alirudi mbio, viatu vya mbao vinalia. "Yako? Yako vipi?"

"Niliufuma mimi. Nilianguka na baiskeli."

"Amelewa," Fusae aliongeza. Ukweli ukishatoka mguu mmoja, afadhali utoke wote.

Masuyo alipiga makofi, akayapigapiga magoti yake, akawashika wote wawili na kuwazungusha katikati ya njia. "Nimelala na bega la mtu huyu kabatini kwangu mwaka mzima! Babu, umeshawaona ndege wako upande wa mbele?"

"Kwa kioo. Vipande."

"Basi inua."

"Niinue nini?"

"Mkia wa obi. Inua, utazame."

Majirani wote walikuwa nje sasa. Bi Kinue alikuwa amepanda juu ya ndoo yake. Teizo, mwanamume aliyechukuliwa na polisi kwa sababu ndogo kuliko hii, alimgeukia mkewe kwa macho ya kuomba hukumu.

"Inua, Baba Chigusa," Fusae alisema. "Ruhusa hii haitapita tena mlangoni kwetu."

Akainua kwa vidole viwili, kama anayefunua chungu cha moto. Chini yake kulikuwa na jua. Mbayuwayu walimtazama, wasafi, weusi, matumbo meupe, kila mmoja mahali pake. Alitazama muda mrefu.

"Vipi?" akauliza Mzee Yasaburo.

"Wazuri," Teizo alisema polepole. "Wazuri sana. Lakini mimi na wao hatujuani." Akaushusha mkia, akaulainisha, mvua ikarudi. "Hawa ndio wangu."

Hapo watu walicheka, na kicheko cha wafumaji ni kikubwa, kwa kuwa maisha yao yote huzungumza kwa kuzishinda kelele za mitambo. Masuyo alitangaza kwamba treni hiyo iende, nyingine itakuja. Alitembea kichochoro chote, akaenda akarudi, Teizo ameketi kwenye kizingiti chake kama mfalme anayekagua jeshi la mtu mmoja.

"Kona uliichukua haraka mno," mzee alilalamika. "Rudia."

"Baba Chigusa, funga mdomo."

"Na mama je?" Masuyo alisimama mbele ya Fusae, jasho linamtoka. "Wewe unayo mikanda mingapi ya kwake?"

"Mimi?" Fusae alicheka. "Mfinyanzi hulia gaeni, mwanangu. Mimi nina aproni."

"Hata mmoja?"

"Aproni mbili."

Masuyo alianza kuufungua mkanda wake pale pale njiani. Kimono yake ikabaki imeshikwa na kamba zake za ndani, kwa hiyo Bi Kinue hakupata alichokitarajia. Alimzungusha Fusae kama anavyozungusha chapati, akambana, akakaza kwa goti, akafunga fundo kubwa la kishua juu ya aproni yenye madoa ya mchuzi wa soya.

"Nimekuazima, sikukupa!" alionya. "Nalala nao mimi huu. Haya, tembea."

"Na haya magoti? Na hii aproni? Watu watasema nini?"

"Watasema una ushujaa," Yasaburo alisema kutoka mlangoni kwake, na kwa mara ya kwanza mtaani kwetu neno hilo lilitoka likiwa na maana yake.

Fusae alitembea. Mwanzo alitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Alipofika nyumba ya Yasaburo bega lilishuka, alipofika kwa Bi Kinue shingo ilipanda, na alipofika kwenye vyungu vya maua vya mwisho alikuwa akitembea kama mke wa tajiri wa Tokyo aliyelivunja kabati akatoroka. Mtu mmoja ndani akaanza tena kukanyaga mtambo, kwacha-ko, amwongoze hatua. Wa pili akamfuata. Paka nao wakaanza tena kutembea.

Teizo alisimama kizingitini, mdomo wazi. Mgongo ule alikuwa ameuona ukiinama jikoni, ukiinama kuanika nguo, ukiinama mbele ya polisi. Alizunguka mji mzima akifuata migongo ya watu, na huu hakuwahi kuufuata hata hadi sokoni. Sasa ulikuwa unakwenda umenyooka, mbayuwayu wanaupanda, mvua yake inanyesha juu yao kwa mshazari.

Aliivaa kofia yake nzuri, akashuka kizingitini, akaanza kumfuata. Magoti hayakusema neno.

Fusae alisikia hatua. Hakugeuka.

"Kaa mbali kidogo, mzee," alisema, akikaza mwendo. "Mume wangu ana wivu."